Njano ya Uvinza

Umeme ulikatika saa mbili na robo,
katikati ya neno "elektroni".
Mwalimu Bitaliho hakuguna.
Akapapasa mezani, akaipata taa ya spiriti,
akawasha moto wa bluu, mwembamba,
moto usiojua kumwangazia mtu.

"Leokadia, wewe umetoka tanurini.
Huna chumvi mfukoni?"

Ninayo kila mahali. Kwenye pindo, kwenye kucha,
ndani ya nyufa za visigino.
Nikakung'uta aproni.
Akachota kwa ncha ya kisu, akanyunyiza.

Chumba kizima kikawa njano.
Si njano ya ndizi, si ya jua la Malagarasi;
njano tupu, iliyokuja bila ndugu yake yeyote.
Kanga nyekundu ya Nyamwoza ikafa, ikawa nyeusi.
Midomo yetu ikawa ya majivu.
Watu wazima kumi na wanne, wengine wenye wajukuu,
tukatazamana kama waliofufuliwa kabla ya saa yao.

Kisha akafundisha humo humo:
atomu ya sodiamu ina elektroni kumi na moja.
Kumi zimejifungia ndani.
Ya kumi na moja inalala barazani, peke yake.
Moto ukiigusa, inapanda kidato.
Haikawii huko juu. Inashuka,
na ikishuka hulipa deni lake kwa mwanga,
kipande kimoja kizima, fotoni.
Nusu fotoni hakuna,
kama isivyokuwepo nusu mimba.

"Na kati ya kidato na kidato inapita wapi?"
Huyo Rusimbi, mlinzi wa ghala;
kazi yake ni kujua nani kapita wapi.
"Ukiitafuta hapo katikati, huikuti."
"Basi inafikaje?"
"Ilikuwa chini. Sasa iko juu."
Rusimbi akacheka cheko la mtu aliyeibiwa mchana.

"Msiulize iko wapi," akasema mwalimu,
"ulizeni inaelekea kupatikana wapi.
Ni kama mvuke juu ya karai la Leokadia..."
Akanyamaza. Akajikuna shingo.
"Hapana. Mvuke ni matone mengi.
Hii ni moja, nayo ni wingu zima mpaka uipime.
Futeni mfano wangu."
Wakafuta. Mimi sikufuta.

Spiriti ilikuwa inakwisha, akaharakisha:
kiini cha atomu kikiwa punje moja ya chumvi,
iweke katikati ya ghala la Rusimbi;
wingu la elektroni litagusa mabati ya kuta zote mbili,
na kati yake hamna gunia hata moja.
Ndani ya punje, protoni. Ndani ya protoni, kwaki tatu:
mbili za juu, moja ya chini,
wala hazipandi wala hazishuki, ni majina tu,
kama jirani yangu Tabu, mwenye nyumba nne.
Na nyutrino, akasema, zinapita mwilini mwetu sasa hivi,
mabilioni kwa mabilioni, bila hodi.
Nyamwoza akavuta kanga, akajifunika kifua.

Moto ukazima. Hakuna aliyeinuka upesi.

Miaka tisa nachemsha maji ya chumvi.
Karai likifurika, kuni hulipuka njano,
na mama, aliyechemsha kabla yangu,
alikuwa akisema moto umetukanwa, rudi nyuma.

Leo alfajiri lilifurika.
Sikurudi nyuma.
Nilisimama na mwiko mkononi, uso umeungua,
nikasema kwa sauti, "Panda. Shuka. Lipa,"
mpaka msimamizi akauliza nazungumza na nani.

Kwaki bado sijazielewa.
Daftari langu limeganda chumvi kwenye ukurasa wa ngazi;
ukilifungua, linalia
kama mkate mkavu.